Mti Wenye Askari na Ndege Asiye na Askari

Mtu akitoka Musoma, akapita upande wa Butiama mpaka Bunda, atazikuta mbuga za Serengeti upande wa mashariki. Huko, penye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, huota mgunga mfupi wenye miiba mirefu.

Penye mashina ya miiba hiyo mna mafundo matupu. Sisimizi huyatoboa wakakaa ndani, na upepo ukipita matunduni, mti hulia kama mluzi. Twiga akija kula majani, sisimizi hutoka kwa wingi wakamwuma midomo. Basi mti huwapa nyumba na maji matamu, nao huulinda.

Katika migunga hiyo yumo ndege mdogo wa kijivu, mwenye kifua cheupe na mkia mrefu. Wataalamu humwita Apalis karamojae, kwa jina la Karamoja, nchini Uganda. Hula wadudu matawini. Ndege hawa hawapatikani duniani ila Afrika ya Mashariki, tena ni wachache, na idadi yao hupungua.

Sasa tuwalinganishe. Wote wawili wana adui mmoja, ndiye mchoma makaa. Shoka lake sisimizi hawawezi kulizuia. Lakini mgunga ukikatwa, kisiki huchipuka tena. Ndege hana kisiki. Migunga ikifyekwa, hukosa mahali pa kula na pa kujificha, na machipukizi yakisha kuwa vichaka, pengine yeye hayupo tena. Kwa hiyo, atakaye kumhifadhi ndege huyu, na auhifadhi mti kwanza.