Kabla Hujatuma Hela ya Maiki

Likizo iliyopita nilishika hela ya watu. Tulikuwa wanachuo ishirini tunaotoka mkoa wa Mara, kila mmoja akatoa 10,000, ikapatikana laki mbili. Mpango wetu ulikuwa kuzunguka sekondari kadhaa za Musoma, Bunda na Butiama tukiendesha midahalo. Darasa lenye watoto zaidi ya mia huwezi kuliendesha kwa koo tupu, kwa hiyo tulihitaji maiki na spika. Nikachaguliwa mimi kununua, kwa sababu nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Wenzangu walisema mtu wa fizikia hapigwi.

Nilipigwa.

Nilimpata muuzaji mtandaoni, picha zake kali, majibu yake ya haraka. Maiki iliyoandikwa Shure SM58 kwa 50,000, na spika ya magurudumu yenye maandishi makubwa ya wati 3,000 kwa 140,000. Nikatuma hela yote kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Siku ya tatu mzigo ukashuka kwa basi stendi ya Bweri, nami nikaubeba nikijiona mjanja.

Shule ya kwanza ilikuwa Bunda. Maiki ilivuma kama nyuki, na spika ikazima kabla mdahalo haujafika nusu. Binti mmoja wa Kidato cha Pili alisimama kutoa hoja. Waliokaa nyuma hawakumsikia, wakaanza kucheka. Akakaa, na hakusimama tena siku ile. Hilo linaniuma kuliko hata ile hela.

Basi wanachuo wenzangu, kabla boom halijaingia na hujaanza kuperuzi spika na earphone, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, bei. SM58 halisi huuzwa Marekani kwa takriban dola 100. Hata bila nauli na ushuru, hiyo ni zaidi ya laki mbili za kwetu. Anayekuuzia mpya kwa 50,000 hajakuonea huruma. Kabla ya kununua, tafuta bei ya kifaa hicho kwenye tovuti ya kampuni inayokitengeneza, halafu jiulize tofauti yote hiyo imetoka wapi.

Pili, uzito. Picha haina kilo, ndiyo maana feki hupendeza sana mtandaoni. Kampuni yenyewe inasema SM58 ina gramu 298. Mwombe muuzaji akupigie simu ya video huku ameiweka kwenye mizani. Mimi nilikuja kuipima yangu baadaye, kwenye mizani ya sukari ya duka la jirani. Ilishindwa na jiwe la robo kilo. Ila angalia, uzito ukitimia haimaanishi ni orijino, maana wapo wanaojaza chuma ndani. Uzito ukipungua sana, hapo huna cha kujadili.

Tatu, hesabu ya wati. Hapa ndipo ninapoona aibu. Betri ya spika yangu imeandikwa 12V 4.5Ah. Zidisha, unapata wati 54 kwa muda wa saa moja. Kama kweli spika ingekula wati 3,000, betri hiyo ingeisha kwa sekunde 65 hivi. Hesabu hii nitaifundisha darasani, na sikuifanya! Mara nyingi tarakimu hizo kubwa kwenye boksi huenda pamoja na herufi PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja inayokubalika, kwa hiyo mtu anaandika anachotaka. Wewe tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Kisha omba picha ya kibandiko cha nyuma na cha chaja, uzidishe volti kwa ampea. Chaja ya volti 15 na ampea 2 inaingiza wati 30 tu. Betri inaweza kuongeza nguvu kwa muda, lakini haiwezi kufikisha maelfu.

Nne, usitegemee boksi wala namba ya seriali peke yake. Feki nyingi hubeba namba iliyonakiliwa kutoka kifaa halisi. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki? Simu ina IMEI, unabonyeza *#06# unaikagua. Maiki na spika havina mtandao wa kuvizima, kwa hiyo mkaguzi ni wewe.

Tano, malipo. Omba jina la biashara, mahali duka lilipo na risiti ya EFD. Lipa ukishafungua mzigo na kuujaribu. Kama duka liko Mwanza au Dar na una rafiki anayesoma huko, mtume akakague kwanza. Muuzaji akikukimbiza kwamba zimebaki mbili tu na kuna mtu anasubiri, mwachie huyo anayesubiri.

Na ukishapigwa? Usifute meseji wala ujumbe wa muamala. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Peleka malalamiko huko ukiwa na ushahidi wako.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Tulipofika Butiama, kijana mmoja anayefanya kazi ya u-MC kwenye harusi aliiona ile maiki, akasema atanipa 40,000. Hakuijua kasoro yake. Siku mbili sikulala vizuri. Hela ya watu ingerudi karibu yote ya maiki, na hakuna ambaye angejua. Lakini yeye naye angepigwa mbele ya wageni wa watu, kisha angemtafuta wa kumtupia. Nadhani feki nyingi huku kwetu zinatembea hivyo, mtu aliyeumizwa anampasia mwenzake. Siku ya tatu nikamwambia ukweli. Akacheka, akanishukuru, akaondoka na 40,000 yake.

Kwenye kikao niliwaeleza wenzangu kila kitu. Tukakubaliana nirudishe nusu. Boom lilipoingia nililipa laki moja, na mwezi ule nilikula maharage mpaka nikazoea.

Maiki bado ninayo, nimeizungushia karatasi iliyoandikwa FEKI. Likizo ijayo tunaanza na shule ileile ya Bunda. Safari hii tunakwenda watu watatu kununua, na tunabeba mizani.