Daftari Lisilosahihishwa na Mwalimu

Januari iliyopita nilikuwa katika foleni ya duka moja la vifaa vya kuandikia jijini Nairobi, miongoni mwa wazazi waliokuja kununua vitabu kabla ya shule kufunguliwa. Mkononi nilishika karatasi mbili za manila, rula ya chuma, chupa ya gundi na kisu chembamba cha kukatia karatasi. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu alivitazama vitu hivyo, akanitazama na mimi, kisha akaniuliza kwa upole mtoto yuko darasa la ngapi. Nilipomjibu kwamba vilikuwa vyangu mwenyewe, na kwamba nilikusudia kujitengenezea daftari, alicheka hata mwenye duka akainua kichwa. "Mzee," akasema, "kwani haya yaliyojaa kwenye rafu yana ila gani?"

Swali hilo lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu la kumpa pale foleni ikisonga. Nimelitafakari tangu siku ile, na leo ningependa kulijibu.

Naam, mimi ni mmoja wa watu wenye uraibu wa madaftari. Tuko wengi kuliko inavyodhaniwa, ingawa tunajificha. Jioni, wengine wakicheza bao au wakitazama kandanda, sisi hukunja karatasi, tukazitoboa, tukazishona na kuzivisha jalada la kitenge au la ngozi iliyobanduliwa kwenye mkoba mkuukuu wa Gikomba. Kila mmoja ana apendavyo. Yuko anayetaka mistari na yuko anayetaka ukurasa mtupu. Huyu hutia mfuko wa kuwekea risiti ndani ya jalada, na yule huzipa kurasa zote nambari kabla hajaandika hata neno moja.

Huenda msomaji akadhani kwamba huu ni mtindo ulioletwa na wageni. Ni kweli kwamba ng'ambo umekuwa biashara kubwa. Mjini London, kampuni ya Norman & Hill ilianza mwaka 1921 kuuza jalada lenye pete ambalo mwenyewe huweza kuongeza au kupunguza kurasa zake, na jina lake la Filofax likaenea kote. Mwaka 1948 Wabelgiji walileta madaftari ya Atoma, ambayo karatasi zake hushikwa na visahani vidogo, kwa hiyo ukurasa hunyofolewa na kurudishwa pasipo kuchanika. Nao Wajapani, mwaka 2006, kupitia kampuni ya Midori, walianza kuuza daftari la msafiri. Hilo ni kipande kimoja cha ngozi, kinachotengenezewa Chiang Mai huko Thailand, kilichokunjwa katikati na kupitishiwa lastiki. Lastiki hiyo hushika madaftari membamba mawili au matatu, na moja likijaa hutolewa, likatiwa jingine.

Hata hivyo, lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba jambo hili si geni kwetu. Neno daftari tulilipokea kutoka kwa Waarabu, nao walilitoa katika neno la Kiyunani lililomaanisha ngozi iliyotengenezwa. Kalamu na karatasi nazo zilipita njia iyo hiyo. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, kitabu kiliitwa chuo, na ndiyo sababu hadi leo mtoto wa Kiislamu huenda chuoni. Pale Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne za 18 na 19 waliishi waandishi waliosifika kwa kunakili Kurani kwa mkono. Karatasi zao zilivuka bahari kutoka Ulaya, lakini kazi iliyobaki ilikuwa yao: kupiga mistari, kuandika kwa wino mweusi na mwekundu, kupamba pambizo na kujalidi kwa ngozi. Waandishi hao wangetushangaa sisi tunaoona ajabu mtu mzima kushika sindano na karatasi.

Sasa sina budi kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilijinunulia daftari la fahari kutoka ng'ambo, lenye jalada la ngozi laini na karatasi nzito zisizovujisha wino. Bei yake siitaji hapa, maana mke wangu husoma safu hii. Nililiweka mezani, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaishika kalamu, nikaifunika tena. Nilijiambia kwamba nitaanza nitakapopata jambo linalostahili karatasi ile. Jambo hilo halikupatikana. Daftari lilikaa miaka miwili likiwa jeupe kama siku lilipotoka dukani, nami niliendelea kuandika mambo yangu nyuma ya bahasha.

Wenzangu wa uraibu huu wanaijua hofu hiyo. Wapo wenye madaftari thelathini yasiyo na hata neno. Nilijiuliza inatoka wapi, na jibu nililipata katika kumbukumbu za shule. Tangu siku ya kwanza ya darasa la kwanza, daftari tulilopewa halikuwa letu. Mzazi ndiye aliyelinunua na mtoto ndiye aliyelifunika kwa karatasi ya kaki, lakini mwenyewe hasa alikuwa mwalimu. Ni yeye aliyeamua pambizo iwe na upana gani, ni yeye aliyelikusanya siku ya Ijumaa, na ni yeye aliyelirudisha likiwa na alama nyekundu. Kufuta kulikuwa kosa, na kuchana ukurasa kulikuwa kosa kubwa zaidi. Mtoto aliyechora ng'ombe katika ukurasa wa mwisho alichapwa, hata kama ng'ombe yule alifanana kabisa na ng'ombe. Siwalaumu walimu, kwani kazi yao ilikuwa kusahihisha. Nasema tu kwamba tulimaliza shule bila kuwahi kumiliki ukurasa ambao hakuna mtu angeukagua. Basi si ajabu kwamba mtu wa miaka hamsini akifunguliwa ukurasa mweupe hujihisi kana kwamba kuna kalamu nyekundu inayomngojea.

Aliyeniponya ni mama yangu, naye hakuwa hai tena.

Mama alisoma hadi darasa la nne. Kila mwaka ulipokwisha aliyakusanya madaftari yetu ya shule, akazinyofoa karatasi zilizobaki bila kuandikwa, akazipanga pamoja, zenye mistari na zenye miraba, kisha akazishona kwa shazia ile ile ya kushonea magunia. Jalada lilikuwa karatasi ngumu ya pakiti ya unga. Humo aliandika tarehe za kupanda, maziwa aliyouza, michango ya chama cha akina mama na siku ambazo watoto walishikwa na homa. Hapana duka ambalo lingemuuzia daftari kama hilo, kwa sababu lilikatwa kwa kipimo cha maisha yake.

Alipofariki mwaka 2006, mzee mmoja wa kijijini kwetu alikuja wakati wa matanga, akatuita pembeni sisi watoto, akatoa pesa kutoka mfukoni. Alisema kwamba mwaka wa ukame wa 1984 alikopa maziwa kwa mama na hakuwahi kuyalipa, na kwamba hakutaka azikwe naye akiwa bado na deni lake. Hatukujua la kusema. Usiku ule tulifungua sanduku la bati, tukatafuta daftari la mwaka ule, tukalipata. Jina la mzee lilikuwapo, na mbele yake chupa kumi na moja. Pembeni, kwa mwandiko uleule wa darasa la nne, mama alikuwa ameandika maneno mawili: "Asidaiwe. Mtoto." Ndipo tulipokumbuka kwamba mwaka ule mtoto wa mzee yule alikuwa mgonjwa sana.

Asubuhi tulimrudishia mzee pesa zake, tukamwonyesha ukurasa. Alilishika daftari kwa mikono miwili, akakaa kimya kwa muda mrefu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilizoea kuitaja methali hiyo nikiwafikiria wafanyabiashara. Tangu siku ile naijua kwa njia nyingine, kwa maana kilichookolewa na daftari lile hakikuwa mali. Deni lilikuwa limefutwa miaka ishirini na miwili kabla, wala hapana mtu aliyejua isipokuwa karatasi.

Baada ya matanga ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba daftari langu la ngozi na daftari la mama la pakiti ya unga yalikuwa yananiambia jambo moja. Lake liliandikika kwa sababu halikuwa na thamani ya kuogopwa, na kwa sababu hapana mtu ambaye angelisahihisha. Nilipoelewa hivyo nilinunua shazia.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, kazi si ngumu. Chukua karatasi nane za kawaida za ukubwa wa A4 na uzikunje pamoja katikati. Utapata kitita cha kurasa 32 za ukubwa wa A5. Vipimo hivi vilisanifiwa Ujerumani mwaka 1922 kwa hesabu ya kupendeza: karatasi ikikunjwa nusu, umbo lake hubaki na uwiano uleule, hata uikunje mara ngapi. Katika mkunjo, toboa matundu matatu. Ingiza sindano kutoka ndani kupitia tundu la kati, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la kati na utokee tundu la chini, kisha uingie tena kwa lile la kati na ufunge fundo. Uzi ukiupitisha kwanza juu ya kipande cha mshumaa hautajisokota. Manila itatosha kuwa jalada, na ukitaka liwe la miaka mingi, bandika kitenge juu ya kadibodi.

Utagundua kwamba daftari lako la kwanza linakataa kulala likifunguliwa. Usivunjike moyo. Karatasi, kama mbao, ina uelekeo wa nyuzi zake, nayo hukunjika kwa utii iwapo mkunjo unafuata nyuzi hizo. Nyingi za karatasi za A4 zimekatwa nyuzi zikielekea urefu wake, hivyo kuzikunja katikati ni kuzivunja nyuzi. Ikunje kidogo karatasi huku na huku bila kuibana, na upande usioshindana nawe ndio wa nyuzi. Mafundi wa kujalidi vitabu walio katika vichochoro vya River Road wanalijua hili bila kufundishwa na yeyote, na watakukatia karatasi kubwa kwa uelekeo ufaao ukiwaomba kwa adabu.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba simu hufanya yote haya. Sikatai kwamba simu hulipata jina la mtu upesi kuliko nitakavyolipata katika kurasa 32. Lakini simu ni mahali ambapo kila mtu hunifikia, na mara nikiifungua ili niandike wazo langu, hukuta mawazo ya wengine yamekwisha kunitangulia. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kwamba huu ni uraibu wa wenye nacho, katika nchi ambamo wapo watoto wanaokwenda shule bila daftari hata moja. Kwa wale wanaokusanya ngozi za ng'ambo na wino wa rangi ishirini, lawama hii ni ya kweli, nami niliwahi kuwa mmoja wao. Daftari langu la sasa limeshonwa kwa karatasi zilizochapwa upande mmoja na kutupwa ofisini, na upande wa pili ni wangu.

Lile la ngozi nalo limepata kazi. Siku moja bintiyangu mdogo alilikuta rafuni, akauliza ni la nani. Nilisita kidogo, kisha nikamwambia ni lake, na kwamba hapana mtu atakayelifungua, si mwalimu, si mama yake, wala si mimi. Akaniuliza kama anaruhusiwa kukosea humo. Nikamwambia ndiyo. Alikwenda nalo chumbani akafunga mlango, na hadi leo sijui ameandika nini.

Kwa hiyo, mama yangu wa foleni, jibu langu ni hili. Madaftari ya rafuni hayana ila yoyote. Mnunulie mwanao yale yaliyoandikwa katika orodha ya shule, maana mwalimu anayahitaji. Kisha, yakibaki makaratasi mwisho wa mwaka, usiyatupe. Tafuta shazia, mshonee jingine moja dogo, umpe na usiulize limeandikwa nini.