Mikono Iliyorudi kutoka Vitani

Mkono wa Afiya haukuvunjwa vitani. Katika Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2020, aliyeuvunja ni mwanamume anayemlea kijijini, ambaye Afiya humwita mjomba. Kosa la mtoto huyo ni kujua kusoma na kuandika. Aliyemfundisha ni kaka yake, Ilyas, ambaye alimchukua akakaa naye mjini kwa muda, kisha akamrudisha kijijini ili yeye aende kupigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Afiya anamwandikia Khalifa, rafiki wa kaka yake, kikaratasi cha kuomba msaada. Kikaratasi hicho ndicho kinachomtoa katika nyumba ile.

Wanafunzi wangu nikiwauliza vita viko wapi katika riwaya hii, hukimbilia sura za jeshini: kwata, viboko, njaa, wapagazi wanaokufa njiani. Hawajakosea, ila wameuruka mkono. Vita vilimwondoa kaka, na pengo aliloliacha ndilo lililompa mjomba nafasi ya kuinua fimbo. Miaka inapita, Afiya anakuwa mke na mama, na mkono ule haurudii nguvu zake zote. Hakwenda vitani hata siku moja, lakini alama ya vita anayo mfupani.

Nimesoma riwaya nyingi za vita, na taratibu nimejizoeza kufuatilia mikono ya wahusika kabla ya maneno yao. Ipo sababu ya kisanaa. Aliyebadilishwa na vita mara nyingi hawezi kueleza amebadilikaje, na pengine hajui kwamba amebadilika. Mwandishi akimtungia maneno mazuri ya kujieleza, msomaji husikia sauti ya mwandishi, si ya mhusika. Mikono haina hotuba. Inashika, inaachia, inatetemeka, inajifunza kazi mpya, nasi tunajionea wenyewe. Madaktari walianza mapema kutafuta jina la hali hii. Mwaka 1915 Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu wanajeshi waliovurugika akili kwa mizinga. Riwaya haihitaji jina. Inahitaji mtu anayejaribu kufunga kifungo cha shati.

Mfano mkali kuliko yote ninaoujua ni wa David Diop, mwandishi Mfaransa aliyekulia Senegal. Riwaya yake Frère d'âme, ya mwaka 2018, inamfuata Alfa Ndiaye, kijana wa Senegal aliyeletwa kuipigania Ufaransa katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Rafiki yake wa tangu utoto, Mademba, amepasuliwa tumbo, na mara tatu anamsihi Alfa amalizie mateso yake. Mara zote tatu Alfa anakataa. Baada ya kifo hicho anaanza kwenda peke yake upande wa adui, na kila akirudi huja na bunduki pamoja na mkono wa Mjerumani aliyemuua. Mikono mitatu ya kwanza inampatia sifa. Kwa mkono wa nne, wenzake wanaanza kumkwepa.

Naomba msomaji atulie hapo, maana uwezo wote wa Diop umo katika hesabu hiyo. Jeshi lilimtaka Alfa awe mkatili, lakini kwa saa maalumu: filimbi ya kapteni ikilia aanze, ikilia tena akome. Kosa lake ni kwamba hakukoma. Mwandishi hatuambii kwamba vita vimemgeuza kuwa mnyama; anatuonyesha waliomshangilia jana wakimwogopa leo kwa tendo lilelile. Baadaye Alfa anapelekwa nyuma ya mstari wa mapigano, na daktari anamtaka achore. Anamchora mama yake, anamchora Mademba, kisha anachora mikono saba.

Hamza, mhusika mwingine mkuu wa Afterlives, anabadilika kwa njia ya kimya zaidi. Aliingia jeshini akikimbia maisha ya kutumikishwa katika nyumba ya tajiri kwa ajili ya deni la baba yake. Afisa wa Kijerumani anamfanya mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani hadi aweze kusoma mashairi ya Schiller, mshairi wa Kijerumani. Upendeleo huo unamchukiza sajini mmoja, naye vita vinapokaribia kwisha anamkata Hamza nyongani kwa upanga. Kijana wa watu hakuumizwa na Mwingereza. Aliumizwa na upande wake. Huku kwetu Afrika Mashariki vita vyenyewe vilichelewa kufa: Ulaya walisimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha silaha tarehe 25 huko Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia.

Hamza anarudi katika mji wa pwani akichechemea, bila masimulizi yoyote ya vita. Watu wakimdadisi, hujibu kwa maneno machache. Mwandishi mwingine angefungua kichwa chake na kutumwagia kila kilichomo. Gurnah anampa kazi, kwanza katika ghala, halafu katika karakana ya seremala. Kurasa za karakana hazina tukio kubwa, na ndizo ninazozirudia mara kwa mara: harufu ya mbao, na kijana akijifunza kwa subira kazi ya kutengeneza kitu, baada ya miaka ya kubomoa.

Kisha anampenda Afiya, na anachofanya ni kutafsiri kipande cha shairi la Schiller kwa Kiswahili na kumpelekea. Kijerumani kile ndicho alichotukaniwa na kuamrishwa kambini, na sasa ndicho anachochotea maneno ya mapenzi. Anayeyapokea ni mwanamke aliyevunjwa mkono kwa sababu anajua kusoma. Sijui riwaya nyingine inayoweka uharibifu na uponyaji katika kipande kimoja cha karatasi namna hii bila kupandisha sauti.

Ukipita katikati ya Dar es Salaam utaiona sanamu ya Askari, mikono imeikamata bunduki yenye singe tangu mwaka 1927. Shaba haiwezi kuonyesha siku askari alipoiweka bunduki chini. Na Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, linatukumbusha maelfu ambao hawakushika bunduki kabisa. Walibeba mizigo hadi wakaanguka.

Ilyas naye? Harudi. Jamaa zake wanamsubiri miaka na miaka, na habari zake zinakuja kufumbuliwa na mpwa wake, kijana mwenye jina lake, katika nyaraka za Ujerumani: aliishi huko, aliandamana na waliotaka kurudishiwa makoloni, na alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Hii si njozi tupu. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kutumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, alifika Berlin mwaka 1929, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu, na kufa Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Wapo wasomaji wanaoona mwisho wa riwaya umekwenda mbio. Mimi naona hakukuwa na njia nyingine ya haki. Ilyas alichukuliwa na askari akiwa mtoto, akasomeshwa na Wajerumani, akawapenda. Vita vilimkuta amekwisha kubadilishwa. Kwa dada yake hakufika mtu, zilifika karatasi.

Seremala mwingine wa vita, mbali na Hamza, ni Gikonyo, katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1967. Amekaa kizuizini miaka sita wakati wa vita vya Mau Mau, akakiri kwamba alikula kiapo kwa hamu ya kumwona mkewe Mumbi, na alipofika nyumbani akamkuta na mtoto wa Karanja, mtu aliyewatumikia Waingereza. Hampigii kelele za maana, wala hamsikilizi. Anajizika katika biashara. Kule kizuizini alikuwa amewaza kumchongea Mumbi kigoda cha harusi, na wazo hilo linamrudia mwishoni mwa riwaya, akiwa amelazwa hospitalini na mkono uliovunjika. Anazipanga sanamu za kukibeba kigoda: mwanamume, mwanamke na mtoto. Halafu, baada ya Mumbi kumtembelea na kuondoka, anaamua kuibadilisha ile ya mwanamke. Atamchonga akiwa mjamzito. Riwaya inamwacha hapo, kigoda kikiwa kichwani na mkono ukiwa haujapona.