Maumivu ya miguu yanayopoa ukikaa: Mzee anaweza kurudi sokoni

MFANYABIASHARA mwenye umri mkubwa anayetoka Mella, wilayani Tororo, kwenda Malaba au Busia hutembea sana na kusimama sana. Wapo ambao, baada ya hatua mia mbili hivi, miguu huwa mizito, huwaka moto au hufa ganzi kuanzia makalioni hadi kwenye vigimbi. Wakikaa juu ya gunia kwa dakika chache, maumivu hupoa. Wakiinuka na kutembea, hurudi. Nyumbani huambiwa, "Mama, huo ni uzee tu."

Huenda si uzee tu. Hiyo ni dalili ya kufinyika kwa mfereji wa uti wa mgongo, hali ambayo ina tiba.

Ndani ya pingili za mgongo mna mfereji unaopitisha neva ziendazo miguuni. Umri unaposonga, diski zilizo kati ya pingili hutokeza, maungio huota mfupa wa ziada, na kano za ndani hunenepa. Neva hubanwa. Mtu akisimama wima nafasi hupungua zaidi. Akiinama mbele huongezeka kidogo. Ndiyo maana mgonjwa asiyeweza kutembea kutoka forodhani hadi sokoni anaweza kuendesha baiskeli au kusukuma mkokoteni akiwa ameinama.

Lakini si kila maumivu ya mgongo ni hayo. Ukiwa na homa, jasho la usiku, kupungua uzito, au maumivu yasiyokuachia hata ukilala, lazima upimwe kifua kikuu cha mifupa, ambacho mara nyingi hutibiwa kwa dawa, na pia saratani. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ukifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri soko lipite.

Kwa wengi, matibabu huanza bila kisu: mazoezi ya fiziotherapia, dawa za maumivu zinazosimamiwa na daktari, na kuacha kuinua magunia. Wengine huuziwa sindano za steroidi za mgongoni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 kwa wagonjwa 400 wenye miaka 50 na zaidi ulionyesha kwamba, baada ya wiki sita, kuongeza steroidi kwenye sindano ya ganzi kulileta nafuu ndogo sana au hakukuleta kabisa. Fikiri kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya sindano hizo.

Maumivu yakiendelea kwa miezi na kutembea kukiwa taabu, upasuaji hufikiriwa. Zamani daktari alifungua mgongo kwa mkato mrefu na kuiondoa misuli kwenye mfupa. Siku hizi kuna njia ya tundu dogo: mkato wa sentimita mbili au tatu, mrija unaopenya katikati ya misuli, na darubini au kamera ndogo. Daktari huondoa kipande cha mfupa na kano iliyonenepa ili neva zipate nafasi. Kwa mzee, faida ni damu kidogo kupotea na kuinuka kitandani mapema.

Hata hivyo, tundu dogo halina maana ya hatari ndogo kila mara. Utando wa neva unaweza kuchanika, jeraha linaweza kuoza, na mgongo wenyewe unaweza kuendelea kuuma hata miguu ikipona. Mwenye presha, kisukari, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme mapema.

Kabla ya kukubali, uliza maswali mawili. La kwanza: je, picha ya MRI inalingana na dalili zangu? Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1990 uligundua kuwa karibu mtu 1 kati ya 5 wenye miaka 60 na zaidi alikuwa na mfereji uliofinyika bila maumivu yoyote. La pili: je, nahitaji skurubu? Utafiti wa Sweden wa mwaka 2016 kwa wagonjwa 247 ulionyesha kuwa kuunganisha pingili hakukuwapa nafuu zaidi ya kupanua mfereji pekee. Wapo wanaohitaji skurubu, lakini sababu ielezwe.

Mkazi wa Tororo huanzia hospitali ya wilaya, kisha rufaa ya Mbale na Mulago. Upande wa Busia, Kenya, kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, kisha Moi mjini Eldoret. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo kwa miaka mingi imeshirikiana na wapasuaji wa Weill Cornell wa New York katika mafunzo ya upasuaji wa ubongo na mgongo.

Bidhaa huvuka mpaka kwa urahisi kuliko bima. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya waliojisajili Kenya. Uganda haijaanzisha bima ya afya ya taifa. Anayevuka kutafuta tiba aulize gharama yote kwa maandishi: kipimo, upasuaji, kitanda, fiziotherapia na nauli ya kurudi kliniki. Abebe pia picha na ripoti zake, asije akalipia kipimo kimoja mara mbili.