Kaye na Simu: Mama Anahitaji Vyote Viwili



Katika vikundi vya akiba kuna swali linalorudi kila mara: kama wengi wetu tuna simu sasa, kaye ina kazi gani tena? Wengine wanauliza kinyume: kama kaye inatutosha, kwa nini tupoteze uniti na chaji?

Sisi tunajibu kwamba tunahitaji vyote viwili, kwa sababu kila kimoja kinapotea kwa njia yake. Kaye inaloa mvua, inaungua moto, au inabaki nyumbani siku tunapokimbia. Simu inaibwa, inazimika, na mahali pasipo na rezo haiwezi kutuma kitu.

Tuanze na AVEC. Njia hii ya kuweka akiba ilianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, kwa msaada wa shirika la CARE. Wamama wa kwanza walikuwa wa vijijini, na wengi wao hawakusoma. Walitunza hesabu kwa kichwa. Leo vikundi vina sanduku lenye makufuli 3, funguo zinakaa kwa wamama 3 tofauti, na hisa zinapigwa muhuri katika kitabu cha kila mwanachama. Hata hivyo, mwisho wa kikao pesa iliyobaki inatajwa kwa sauti ili wote waikumbuke. Simu haiondoi hata kimoja cha hivyo. Inaongeza shahidi mmoja tu.

Kikao kikiisha, mwandishi apige picha ya ukurasa wa siku ile mbele ya wote. Picha hiyo aitume kwa mama mwingine wa kikundi ambaye hakai jirani naye. Kama rezo hakuna, mama huyo apige picha yake mwenyewe palepale. Kwenye ukurasa tuandike nambari za wanachama, si majina yao, ili mtu asiyehusika akiona simu asijue nani ana kiasi gani. Kikundi kikitawanyika, mmoja akafika Sake na mwingine akabaki Nyabiondo, wote wawili watasoma hesabu moja. Na mwanachama akifariki, watoto wake watapata hisa zake bila mabishano.

Kwa pesa ya simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, meseji peke yake haitoshi. Jioni ileile andika katika kaye tarehe, kiasi, jina la aliyetuma na nambari iliyo kwenye meseji. Kukitokea shida, nambari hiyo itasaidia agensi kutafuta. Lakini namba ya siri isiandikwe popote, wala katika kaye wala katika simu. Ikae kichwani. Simu ikiibwa, pesa haiibwi pamoja nayo, maana iko kwenye akaunti ya nambari yako. Nenda mapema kwenye agensi na kitambulisho chako, kama karte ya uchaguzi, wafunge laini ya zamani na kukupa nyingine.

Tena, wangapi kati yetu wanajua kwa kichwa nambari ya mume, ya dada, au ya mwalimu wa mtoto? Ziandikeni nyuma ya kaye. Simu ikizimika njiani, utaomba ya mwenzako na kupiga.

Watoto pia wanahitaji kaye na simu. Siku mtoto anapozaliwa, andika tarehe na mahali. Sheria yetu inatoa siku 90 za kumwandikisha kwa etasivili. Zikipita, njia inapitia tribinali, na ni ndefu zaidi. Halafu piga picha ya fishi yake ya kilo, pande zote mbili. Kati ya chanjo zake kuna za kuzaliwa, za wiki 6, 10 na 14, na ya surua kwenye miezi 9. Hiyo ya miezi 9 ndiyo rahisi kusahau, kwa kuwa inakuja baada ya muda mrefu. Hata simu ndogo ya vifungo ina kengele au kalenda: iweke ikukumbushe siku mbili kabla.

Mama asiye na simu asijione nyuma. Aweke kaye yake ndani ya sashe ya plastiki iliyofungwa vizuri, pamoja na fishi za watoto, na amwombe mwenzake anayemwamini ampigie picha kurasa zake mara moja kwa mwezi.

Juma hili, kila kikundi kichague mama wawili wa kutunza picha za kaye. Wasiwe wa nyumba moja, na wasiwe wale wenye funguo za sanduku. Majina yao yasomwe mbele ya wote, na mwezi ujao hesabu ya kaye ilinganishwe na picha zao.