Binti Anapotakiwa Kuandika Jambo Lenye Ubishi

Watoto wetu wakifika kidato cha tano na cha sita, au wakiwa vyuoni, hupewa kazi ya kuandika juu ya jambo la jamii lenye ubishi. Hapo ndipo binti huja jikoni na daftari lake na kuuliza, "Mama, niandike nini?" Wengi wetu hujibu haraka: andika ubaya wa ukimwi, au ulevi. Ni mada njema kwa mahubiri, lakini ubishi uko wapi? Nani atasimama kuutetea ukimwi? Jambo lenye ubishi ni lile ambalo watu wawili wenye akili timamu, hata waumini wa kanisa moja, huweza kutofautiana juu yake.

Sisi tunaohudumu kliniki na kanisani hapa Zuzu huwashauri mabinti watazame jambo lililo karibu: umri wa msichana kuolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Kifungu cha 17 kikataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba. Mama huulizwa baba akiwa amefariki. (Hapo akina mama wengi hushtuka. Tumezaa, tumelea, kisha tukawekwa nyuma ya foleni!) Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu, na mwezi Julai mwaka huo ikatamkwa kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo.

Lakini binti asikimbilie kuandika kwamba ubishi umekwisha. Serikali ilikuwa na hoja zake: kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini mbalimbali za nchi, na kwamba ndoa humsitiri msichana aliyepata mimba nyumbani. Hoja hizo tunazisikia hata kwenye vikao vya harusi. Aziandike kwa haki, kama wenyewe wanavyozisema, ndipo azijibu. Mithali 18:17 inatuonya juu ya kusikiliza upande mmoja tu. Hukumu yenyewe ipo TanzLII kwenye mtandao, bila malipo. Ni ya Kiingereza kigumu, basi akisha kuisoma atusimulie kwa Kiswahili. Akishindwa kusimulia, hajaielewa bado.

Kuhusu takwimu, tuwe wakali. Asilimia isiyo na mwaka wala jina la aliyehesabu ni uvumi. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au ni wajawazito; ule wa 2022 ulikuta 22. Sisi wauguzi tunajua maana yake wodini: nyonga ambazo hazijakomaa, uchungu pingamizi, fistula, kifafa cha mimba.

Halafu aulize watu. Aombe ruhusa kwanza, asiandike majina, wala asituombe daftari la kliniki. Siri ya mgonjwa haigeuzwi insha. Na bila shaka atatugeukia: "Mama, wewe uliolewa na miaka mingapi?" Wengine wetu tulikuwa na miaka 15 au 16. Tusimkaripie. Kumjibu si kuikana ndoa yetu wala kumvunjia heshima baba yake.

Baba naye aulizwe, ila si wakati wageni wa posa wameketi sebuleni. Kwetu Ugogoni mahari ni ng'ombe na mbuzi, na mwaka wa ukame kundi likipungua, mdogo wake aliye darasa la saba huanza kutazamwa kwa macho mengine. Kumbe Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Akina baba wengi tunaozungumza nao hawajaisikia habari hiyo. Insha ya binti ikisomwa kwa sauti baada ya chakula cha jioni, wataisikia.