Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu huitaja methali hii pale mgeni anapobisha hodi, tukijua kwamba siku hiyo chungu kitapikwa vizuri na sisi wenyeji tutafaidi. Lakini zipo sehemu za nchi yetu ambako mgeni huja, akapokewa, akapima, akauliza, akaandika, kisha akaenda zake. Na mwenyeji akabaki hajui kama amepona au hakupona.

Endamarariek ni kata katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha. Bila shaka ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba hawajapata kulisikia jina hilo. Ni nchi ya Wairaki, wakulima wa mahindi na maharage, ambao pia hufuga. Kutoka nyanda hizo ardhi huteremka hadi bonde la Ziwa Eyasi, na huko ndiko waliko Wahadzabe, watu wasiozidi sana elfu moja, ambao baadhi yao hadi leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Nilipopita Endamarariek, mzee mmoja alinijulia hali, na alipofahamu kwamba mimi ni mtu wa pwani na mtumishi wa Chama, aliniuliza: “Ndugu, hawa wasomi wanaoteremka ziwani na magari yao, wanatafuta nini? Na wakishakipata, wanakipeleka wapi?” Nilimjibu kwa maneno ya jumla, kama ilivyo desturi yetu sisi viongozi tusipokuwa na jibu. Baadaye niliona haya. Makala hii ndiyo jibu langu la pili kwake.

Mzee wangu, wasomi hao wanatafuta mambo matatu.

La kwanza ni mwili. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa kwamba Mhadzabe, ingawa hutembea na kuchimba kutwa, nguvu anayoitumia mwilini kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili wake, haipishani na ya mtu wa Marekani au Ulaya ambaye hafanyi kazi nyingi za mwili. Kutokana na hayo wataalamu wakapata hoja kwamba unene unaowasumbua watu wa mijini huenda unatokana na chakula zaidi kuliko uvivu. Mwaka 2014 walilinganisha vijidudu vya tumboni vya Wahadzabe 27 na vya Wataliano 16 wa mji wa Bologna, wakaona kwamba vya Wahadzabe ni vya aina nyingi zaidi. Mwaka 2017 wengine wakaonyesha kwamba vijidudu hivyo hubadilika pamoja na majira ya mwaka, kwa kuwa chakula nacho hubadilika. Elimu hiyo si mchezo. Inawahusu wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam na wa Mjini Unguja kama inavyowahusu wa London.

La pili ni dhamiri. Wasomi walikwenda wakawaomba Wahadzabe wawapange wenzao wa kambini, nani ana moyo mwema kuliko nani. Wengi walitazamia kwamba watu wanaoishi pamoja namna ile watakuwa na kauli moja. Haikuwa hivyo: hawakuafikiana kuhusu nani ni mwema zaidi. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2012, watu 205 wa makambi 17 walipewa asali, kila mmoja akaachiwa hiari ya kuiweka yake au kuitia katika fungu la wote. Ilionekana kwamba wakarimu huambatana na wakarimu, na wenye kujiwekea huambatana na wenzao.

La tatu ni biashara. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2014 katika jarida kubwa la uchumi la Marekani. Mtu alipewa kitu kidogo, pakiti ya biskuti au kiberiti cha gesi, kisha akaulizwa kama angependa kukibadilisha kwa kingine cha namna ile ile. Wahadzabe waliokaa mbali na soko hawakukipendelea kile walichopewa kuliko kile kingine. Waliokaa karibu na Mang'ola, waliozoea kuuza na kununua, waliking'ang'ania kile walichokwisha kupewa. Mtu aliyelelewa katika mafunzo ya Azimio la Arusha hana budi kusimama hapo na kutafakari. Je, kung'ang'ania mali ni maumbile ya binadamu, au twajifunza sokoni?

Hayo ndiyo wanayoyatafuta. Ama swali la pili la mzee, wanayapeleka wapi, jibu ni rahisi kulitamka na ni zito kulibeba. Yanakwenda katika majarida ya Kiingereza, kwenye vyuo ambavyo mwenye mwili ule, dhamiri ile na biskuti ile hatavifikia.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba habari hii ni ya porini, haimhusu. Na tuitazame Pemba. Kwa miaka mingi ulimwengu uliamini kwamba mahali penye upungufu mwingi wa damu, kila mtoto mdogo apewe madini ya chuma. Ushauri huo ulipimwa Pemba, kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Mwezi Agosti 2003 kamati iliyosimamia usalama wa watoto iliagiza kwamba utoaji wa chuma na foliki asidi usimamishwe, kwa kuwa waliopewa dawa hizo walikuwa wakilazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, tofauti hiyo ilikuwa asilimia 12. Ilionekana vile vile kwamba mtoto mwenye upungufu wa chuma hasa, akifuatiliwa kwa karibu, alinufaika. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi.

Ni watoto wangapi, katika nchi ngapi, waliokingwa na madhara kwa elimu iliyotoka katika kisiwa kile kidogo? Na je, ni akina mama wangapi wa Pemba walioketishwa na kuelezwa kwa Kiswahili fasaha kwamba watoto wao ndio walioufundisha ulimwengu jambo hili, na kwa gharama gani?

Tangu chuoni, tukiwa na mbao zetu mapajani, tulifunzwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Damu ya mtu ni amana. Siri ya moyo wake ni amana. Anayeichukua kwa ajili ya elimu hakukosa, maana elimu ni faradhi. Hukosa pale anaposahau njia ya kurudi.

Na sisi wa Serikali na Chama tusijitoe katika lawama. Katika miaka ya 1960 Wahadzabe walihimizwa wakae Yaeda Chini, kwa nia njema kabisa, na wengi waliugua, wakarudi porini. Nia njema isiyouliza wala kusikiliza haikuwafaa wakati ule, nayo haitawafaa leo.

Sheria tunazo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Vibali hutolewa, mihuri hupigwa. Lakini kibali ni mlango wa kuingilia tu. Wenzetu Wasan wa Afrika Kusini, waliochoka kuchunguzwa bila faida, mwaka 2017 walitangaza kanuni zao wenyewe kwa watafiti wote: heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata utaratibu. Hawakufukuza elimu. Waliitaka iwe na adabu.

Kwa hiyo safu hii inapendekeza mambo matatu kwa wahusika, wa Bara na wa Visiwani. Kwanza, utafiti usihesabiwe kuwa umekwisha mpaka matokeo yake yameelezwa kwa mdomo, barazani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, tena na watu waliokubaliwa na wenyeji hao. Pili, nakala ya Kiswahili cha kawaida ibaki katika ofisi ya kata na shule iliyo karibu. Tatu, pakiwa na faida ya fedha au dawa, fungu la mwenyeji lijulikane kabla sindano haijachomwa.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawafukuza wageni. Hatuamini hivyo. Mgeni mwenye nia safi haogopi kuulizwa atarudi lini.

Mzee wa Endamarariek, nimekujibu swali lako kadiri nilivyoweza. Lakini si mimi niliyepaswa kukujibu, na wala hukupaswa kusubiri mtu wa pwani apite njia. Waliopaswa ni wale waliochukua na sisi tuliowaruhusu. Siku watakapokuja kuketi nawe kivulini na kusema, “Mzee, tumerudi, haya ndiyo tuliyoyaona,” siku hiyo methali ya wahenga itakuwa imetimia.